Rekodi ya Jason Dunford nayo ni rekodi

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wako wa michezo uliwaorodhesha Wakenya waliowahi kuweka rekodi ya Olimpiki. Nilimwona Samuel Wanjiru na marathoni yake ya Beijing, 2:06:32. Nilimwona David Rudisha na 1:40.91 za London, na Faith Kipyegon na 3:51.29 za Paris. Nikashuka na orodha mpaka mwisho, nikarudi juu, nikaisoma tena kwa kidole kama wanavyofundishwa watoto wa darasa la kwanza. Jason Dunford, mwogeleaji wetu, hayumo.

Ninaandika kumtetea. Si jamaa yangu, sijapata kumwona ana kwa ana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, na miaka yangu ya kufundisha iliyobaki ni michache. Lakini kijana yule nina deni lake, na mtu mwenye deni haoni jina la mdai wake likifutwa akanyamaza.

Kwanza rekodi yenyewe, maana pengine aliyeandika ile orodha alikuwa bado mdogo. Alhamisi tarehe 14 Agosti 2008, mjini Beijing, kulikuwa na mchujo wa wanaume wa mita 100 kwa mtindo wa kipepeo. Rekodi ya Olimpiki ya masafa hayo ilikuwa ya Mmarekani Michael Phelps mwenyewe, 51.25, aliyoiweka Athens mwaka 2004. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, umri wake miaka 21, akaruka majini na jina la Kenya, akagusa ukuta kwa 51.14. Rekodi ya Olimpiki. Mkenya, ndani ya maji, amepita muda wa Phelps.

Najua jibu litakalokuja. Wataniambia rekodi ile haikudumu. Ni kweli. Mchujo ulikuwa haujesha, na katika kundi jingine Mserbia Milorad Čavić akaogelea 50.76. Rekodi ya Dunford iliishi dakika chache. Lakini Mhariri, hata ya marehemu Wanjiru imevunjwa. Mhabeshi Tamirat Tola aliivunja Paris mwaka 2024, na nyinyi mmeendelea kumwandika Wanjiru, na mmefanya vyema. Kama rekodi iliyovunjwa baada ya miaka 16 bado ni rekodi, basi na iliyovunjwa baada ya dakika chache ni rekodi pia. Orodha yenu kichwa chake kilisema "waliowahi". Yeye aliwahi.

Niliyaona haya kwa macho yangu, nami nitasimulia nilivyoyaona.

Mwaka ule ulianza vibaya, kwa ghasia za baada ya uchaguzi, sote tunaukumbuka. Ilipofika Agosti watu walikuwa na kiu ya jambo la kufurahia pamoja. Shule zilikuwa zimefungwa. Kaka yangu alikuwa na runinga nzuri kuliko yetu, basi mwanangu wa kiume, wakati ule ana miaka 13, akahamia kwa mjomba wake kabisa, na mimi nikawa namfuata na chakula. Mchana ule wa Alhamisi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya wali mkononi. Nilisikia neno "Kenya" nikadhani ni riadha. Nikatazama, naona maji. Nikamwuliza mwanangu, "Mkenya gani huyo, anatafuta nini majini?" Akaniambia, "Mama, nyamaza, anaongoza."

Ile sahani sikuitua mpaka alipogusa ukuta.

Siku ya pili yake akavuka nusu fainali. Fainali ikawa Jumamosi, tarehe 16, kwa saa zetu alfajiri ya saa kumi na moja na dakika. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, mbalamwezi imetimia, maji ya bamvua yamejaa mpaka yanapiga ukuta wa gati. (Usiku wa siku hiyohiyo mwezi ulipatwa; watu wa Pwani watakumbuka.) Adhana ilikuta tumeshaamka. Tuliswali, tukakaa, kaka yangu, mwanangu na mimi, na jirani mmoja mvuvi aliyesema atatazama kidogo kisha ateremke pwani, lakini hakuteremka mpaka jua limetoka.

Alfajiri ileile Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichukua dhahabu ya mita 200 kwa mgongo na rekodi ya dunia juu yake, 2:05.24. Sisi tulishangilia kama ni binti wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu. Huyo ndiye aliyechaguliwa mwaka 2025 kuiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Hayo yalikuwa mbali bado. Asubuhi ile tulichokijua ni kwamba Mwafrika ameshinda majini, na wetu naye anapanda kwenye kile kizingiti cha kurukia majini.

Dunia nzima inaikumbuka fainali ile kwa sababu ya Phelps na Čavić: 50.58 kwa 50.59. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Kamera zote zilikwenda kwao na hazikurudi. Sisi tulikuwa tunamtafuta Dunford, na ilibidi tungoje matokeo yaandikwe ndipo tukamwona: wa tano, 51.47. Mkenya wa kwanza kuogelea fainali ya Olimpiki, na katika dunia nzima walio mbele yake ni wanne tu. Jirani yetu mvuvi akasema, "Wa tano wa bahari zote hizi," akanyanyuka akaenda kazini.

Siku chache baadaye Pamela Jelimo akashinda mita 800, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki, na mwisho Wanjiru akamaliza kazi kwenye marathoni. Nchi ikapata furaha yake, na wa tano akasahaulika. Sikumlaumu mtu wakati ule. Dhahabu ni dhahabu.

Sasa deni.

Wasomaji wa bara huenda wakadhani sisi watu wa visiwani tunazaliwa tunaogelea. Wavulana, ndiyo, wengi. Kutwa wanaruka gatini, na katika sherehe zetu za utamaduni kuna mashindano ya kuogelea kama kulivyo na ya punda na ya mashua. Lakini kuogelea kwetu ni kwa mkono mmoja mmoja, kichwa nje, ili uone mashua inayokuja. Kipepeo hatukuwa nacho. Kwa asiyekiona: mikono yote miwili inatoka majini kwa pamoja, inazunguka juu, inaingia pamoja, miguu nayo imeungana, inapiga kama mkia wa pomboo, na mgongo wote unapanda na kushuka. Ni mtindo unaotafuna nguvu. Ukiukosea unazama palepale kama nanga.

Jumapili, siku ya pili ya fainali, mwanangu aliingia majini kukijaribu. Alikunywa maji ya chumvi mpaka akatapika. Watu wa mashua walikuwa wakimpigia kelele, "Pomboo! Pomboo!", na jina hilo limemganda mpaka leo ana mke na watoto. Hakuacha. Kusi ilipolegea na maji yakawa matulivu, alikuwa anakwenda mbali kiasi cha kunitia hofu.

Ikaja shida ya kipimo. Alitaka kujua yeye na Dunford wameachana kwa kiasi gani, na bahari haina mita. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa jahazi, na alikuwa bado hai. Akachukua kamba, akaipima kwa pima za mikono yake, akasema mita 50 ni pima 27 na shibiri kadhaa. Akafunga fundo kila pima tatu ili mjukuu wake ajue amefika wapi. Wakaitandika baina ya mashua mbili zilizotia nanga, wakangoja maji yasimame, maana yakiwa yanakupwa utasema umeogelea kumbe umechukuliwa na mkondo. Kwenda na kurudi, mita 100. Niliipima mimi kwa simu nikiwa nimekaa omoni: dakika 1 na sekunde 34. Alipopanda mashuani anatetemeka nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Bado sekunde arubaini na tatu, Mama." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja nauli.

Mwaka 2010, yuko sekondari, tulisikia kuna mashindano ya kuogelea ya vijana katika mji mmoja wa Pwani. Sitautaja, wala sitawataja waandalizi. Tulisafiri kwa boti mpaka Mokowe, kisha basi, siku nzima njiani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kidimbwi chenye mistari chini. Aliniuliza mbona maji hayana chumvi, akacheka peke yake. Mbio zake zikafika. Mita 50 za mwanzo, Mhariri, alikuwa wa pili. Nasema kweli, wa pili, na waliokuwa naye wote ni wa shule zenye vidimbwi vyao. Akafika ukutani, akaugusa kwa mkono mmoja, akageuka, akarudi, akamaliza wa tatu. Nikapiga vigelegele. Halafu nikaona mtu mwenye karatasi anainua mkono.

Katika kipepeo, ukutani lazima uguse kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Ndiyo sheria, kwenye kugeuka na kwenye kumaliza. Ukigusa kwa mmoja umetolewa. Kamba ya baba yangu haikuwa na ukuta. Mwanangu alizoea kushika ubavu wa mashua kwa mkono mmoja kama wanavyoshika watu wote, na hakuna aliyemwambia kuna namna nyingine. Niliomba, kwa heshima, wamruhusu arudie peke yake, bila medali, apate tu muda wake uandikwe. Wakasema ratiba imejaa. Sheria ni sheria, siipingi. Kinachoniuma ni kwamba muda wake haukuandikwa popote. Alitoka pale kama mtu ambaye hakuogelea.

Tuliporudi Lamu alinionyesha kwenye simu ya rafiki yake ile fainali ya Beijing, akaisimamisha pale kwenye kugeuka. "Tazama mikono yake, Mama." Tukaona: miwili, sawasawa, kama mtu anayesukuma mlango. Tuliyatazama mbio yale mara ngapi, na hatukuona kitu hicho kwa sababu tulikuwa tunatazama nani yuko mbele.

Na Oktoba ya mwaka huohuo, Delhi, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Dunford akashinda mita 50 za kipepeo. Dhahabu, Geoff Huegill wa Australia akiwa wa pili. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye kidimbwi katika michezo hiyo. Mwanangu alikimbia kutoka gatini mpaka shuleni kwangu kuniambia, akaingia darasani bila kubisha hodi, nami sikumkaripia.

Nataka kuligusa na hili, kwa sababu nimelisikia kwenye chumba cha walimu na nitalisikia tena barua hii ikichapishwa. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, huyo si mzungu tu mwenye pesa?" Nikamjibu kama nitakavyojibu hapa. Ngozi yake ni nyeupe, ndiyo. Alisoma Stanford kule California, ndiyo, na alipata makocha na maji safi ya kufanyia mazoezi kila siku ya Mungu. Lakini kuzaliwa kazaliwa Nairobi, na kila alipopanda kizingitini alipanda na nembo ya Kenya. Mwaka 2012, London, usiku wa ufunguzi, bendera yetu ilibebwa na nani? Na yeye. Ndugu yake David naye aliiogelea Kenya katika michezo hiyohiyo. Na alipoacha kuogelea akaingia kwenye muziki wa kizazi kipya, jina alilojichagulia ni la Kiswahili: Samaki Mkuu. Muziki ule si wa rika langu, lakini jina nalipenda, na sijui mtu angefanya nini zaidi ili tumhesabu kuwa wetu.

Tena hilo la pesa ndilo linalonifanya nimshike zaidi. Akifutwa yeye, itabaki hadithi kwamba Wakenya ni watu wa kukimbia na maji hatuyawezi, na anayeamini hivyo hatajenga kidimbwi. Nairobi kuna uwanja wa Kasarani, na kile kidimbwi cha mita 50 cha tangu Michezo ya Afrika ya 1987. Sisi tuna Bahari Hindi nzima na hatuna ukuta mmoja wa umma wa kugeukia. Wanaotaka kujua kama Mkenya anaweza, jibu lipo tangu 14 Agosti 2008, nalo ni 51.14. Mkiliondoa kwenye orodha, mimi nitawaonyesha nini watu wa kaunti nikienda na barua yangu ya maombi? Nimeshakwenda nayo mara tatu.

Mwanangu siku hizi ni nahodha wa boti ya abiria, Mokowe na Lamu. Kamba ya babu yake ninayo mimi. Miaka sita sasa, Jumamosi za maji mafu mkondo ukiwa umelegea, tunavuka upande wa kisiwa cha Manda na wasichana wa darasa langu, mwaka huu ni kumi na mmoja. Wasichana, kwa sababu hao ndio hawaruki gatini. Wanapanda boti zilezile kwenda shule, sokoni na hospitali, na wengi wanapanda hawajui hata kuelea. Mimi mwenyewe nilifundishwa na baba usiku, asione mtu. Hawa wanajifunza mchana, wamevaa suruali, madera na ushungi wao, mama zao wamekaa mchangani wanatazama. Wanaanza na dumu la mafuta la lita tano lililofungwa kifuniko sawasawa, kifuani. Wakizoea tunaliondoa dumu.

Halafu tunatandika kamba, na hapo ndipo lilipo deni langu. Mmoja anaingia majini, wenzake wanajipanga ufukweni wanahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka hamsini na moja. Zile sehemu kumi na nne hazihesabiki kwa mdomo, kwa hiyo baada ya hamsini na moja wanapiga kofi moja kwa pamoja. Kofi likilia, aliye majini anashika kamba palepale alipo, na tunatazama amefika fundo la ngapi. Dunford kwa muda huo alikuwa amekwenda kamba nzima, ameigusa kwa mikono miwili, na amerudi. Wao wanalijua jina lake. Wanalitamka "Jasoni".

Jumamosi iliyopita aliingia mmoja ambaye mwezi wa kwanza alikuwa hataki maji yampite magoti. Wenzake walikuwa wamefika arubaini nikamwona amepita fundo la nne. Kofi lilipolia alikuwa kwenye la tano. Akalishika, akageuza uso kwetu, na kabla hajafuta maji machoni akauliza, "Mwalimu, nimeshika kwa miwili?"

Alikuwa amelishika kwa miwili.

Ombi langu, Mhariri, ni mstari mmoja. Siku mtakapoirudia ile orodha, chini ya Wanjiru, kwa herufi zilezile, pawekwe: Jason Dunford, mita 100 kipepeo, 51.14, Beijing, 14 Agosti 2008. Nitaukata mstari huo kwenye gazeti, niutie kwenye plastiki usiingie maji, na niuvushe Manda.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la sita,
Langoni, Lamu